Kabla Hujaunga, Uliza Mti Utavutwa Wapi

Viti vilirudi kwa mkokoteni, sita kati ya kumi na viwili, vimepangwa miguu juu na kufungwa kamba. Ilikuwa mwezi wa Agosti, Kusi bado yavuma, na karakana yangu pale Majengo, Mombasa, ilikuwa haijatimiza mwaka wa pili. Mwenye viti ni mama mmoja aliyekuwa na mkahawa wa mahamri na mbaazi upande wa Kibokoni. Hakuja na ugomvi. Aliteremsha kiti kimoja, akakisimamisha sakafuni, akayasukuma maegemeo kwa kidole. Kiti kikacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

"Fundi," akaniambia, "jana mzee wa watu nusura aanguke na kikombe cha chai ya moto mkononi. Sikuja kudai pesa. Nataka wateja wangu wakae, wanywe chai yao, wainuke salama. Wanifanyia lini?"

Nikamwambia wiki mbili. Sikujua nitafanya nini ndani ya hizo wiki mbili.

Viti vile nilikuwa nimeviunga kwa vijiti. Unatoboa matundu mawili kwenye kichwa cha ubao wa ubavuni, mawili mengine mguuni, unatia vijiti viwili vya mviringo na gundi, unabana, na kesho yake unapiga msasa. Ni kazi ya haraka, na ikimalizika yapendeza kwa sababu hakuna msumari unaoonekana. Nilipokifumua kiti cha kwanza, vijiti vilitoka vizima, vikavu, kama kidole kinavyotoka kwenye pete pana. Gundi ilishika kijiti, haikushika tundu. Na kwenye mguu mmoja wa nyuma palikuwa na ufa mwembamba uliotoka tundu la juu hadi la chini, ukifuata nyuzi za mti.

Nilivipeleka viwili kwa ami yangu, aliyenifundisha kazi. Wakati huo alikuwa ameshaacha kufungua karakana, lakini hakuna siku alikaa bila kushika randa. Hakukitazama kiti hata dakika moja.

"Nenda kwa nyanyako," akasema. "Mwambie nimekutuma ukifungue kitanda chake chote, kisha ukirudishe kabla ya magharibi. Halafu ndoo tuzungumze."

Kitanda cha nyanya kilikuwa kitanda cha kamba, cha zamani, matendegu yake, yaani miguu, yamechongwa kwa mashine ya kukereza ya kusukumwa kwa mguu. Nilikuwa nimekilalia tangu utotoni, na siku zote niliona ni kitanda tu. Nililegeza kamba, nikaitoa yote, na rundo lake likajaa beseni la kufulia. Kamba ilipokwisha kutoka, nilishika mfumbati mmoja, ule mti mrefu wa ubavuni, kwa mikono miwili nikauvuta, nao ukachomoka kwenye tendegu bila kinyongo. Kitakizo, ule mti mfupi wa kichwani na miguuni, vilevile. Dakika chache nikawa na miti minane chini: matendegu manne, mifumbati miwili, vitakizo viwili. Hakuna tone la gundi. Hakuna msumari. Ndimi za mifumbati, zile ncha zilizochongwa ziingie tundu, zilikuwa zimeng'ara kwa miaka ya kusuguana na tundu, rangi ya asali iliyoiva, na kona zake zilikuwa bado kali. Katika kila tendegu matundu mawili hayakukutana: la mfumbati liko juu kidogo, la kitakizo chini yake, ili mti usidhoofike pahali pamoja.

Jioni nilirudi kwa Ami.

"Umeona gundi?"

"Sikuiona."

"Umeona msumari?"

"Hakuna, Ami."

"Basi chashikwa na nini?"

"Na kamba."

"Mtu akilala, kamba yafanya nini?"

"Yavuta."

"Yavuta wapi?"

Nikaonyesha kwa mikono: inavuta mifumbati ije ndani, inavuta vitakizo vije ndani, na kila mti unasukumwa uzame zaidi kwenye tendegu lake. Kadiri kitanda kinavyolaliwa ndivyo viungo vinavyokaza. Ami akaitikia kwa kichwa, akakivuta kiti changu karibu. "Sasa nionyeshe hiki nacho chavutwa wapi."

Hilo ndilo swali ninaloliuliza mpaka leo kabla sijachukua msumeno. Vitabu vya useremala hupanga viungo kwa majina na picha, na kijana anayeanza hudhani kazi ni kuchagua kilicho kizuri. Mimi naona mambo ni kinyume. Anza na kile chombo kitakavyotumika, mwili wa mtu utakavyokisukuma, maji ya hewa yatakavyokivimbisha, halafu kiungo chenyewe kitajitaja.

Tuchukue kiti. Mtu mzima hakai kitini kama gunia la mchele. Huegemea nyuma mpaka miguu ya mbele ikaachana na sakafu. Hujisukuma kutoka mezani akiwa amekaa. Huinama kuchukua kitu kilichoanguka, uzito wote ukaenda ubavu mmoja. Nguvu zote hizo hukusanyika pahali pamoja, pale ubao wa ubavuni unapokutana na mguu wa nyuma. Hapo ubao hutaka kuchomoka upande wa juu na kujikandamiza upande wa chini, kisha kinyume chake, mara mia kwa siku. Vijiti viwili vya milimita 8 haviwezi kuhimili hayo. Kinachohitajika ni ulimi mpana kwenda juu na chini, mrefu kuingia ndani, wenye mabega, zile kingo za ubao zinazobaki kando ya ulimi, yanayokaa bapa kwenye mguu. Mabega ndiyo yanayozuia kuyumba. Fundi mwenye haraka huupenda ulimi akayasahau mabega, na kiti chake huyumba hata kama ulimi ni mnene.

Nilivifanya upya viti vyote kumi na viwili, hata vile sita ambavyo havijalegea. Nieleze nilivyofanya, maana hapa ndipo kazi ilipo.

Tundu huja kwanza, ulimi baadaye. Upana wa tundu huamuliwa na patasi uliyo nayo, wala huwezi kuubadilisha kwa urahisi. Ulimi nao waweza kuupunguza kwa randa unyoya kwa unyoya. Wengi hufundishwa kwamba ulimi uwe theluthi ya unene wa ubao, na ni mwanzo mzuri ikiwa miti miwili ina unene mmoja. Lakini mguu wa kiti huwa mnene kuliko ubao wa ubavuni, kwa hiyo ulimi unaweza kuzidi theluthi bila kuuumiza mguu. Ubao wangu ulikuwa wa milimita 24, nami nilitumia juba la milimita 10, ile patasi nene ya kutobolea matundu, ulimi ukatoka wa milimita 10. Mguu ulikuwa wa milimita 42, nikaingia ndani 30, na tundu likawa na kina cha 32 ili gundi ipate pa kukaa. Nikiacha tundu na ulimi vilingane kabisa kwa kina, gundi hukosa njia, na mabega hayafungi hata ubane namna gani.

Mistari naichora kwa mahati, kile kifaa cha kukwaruzia mistari, si kwa penseli. Mahati huacha mkwaruzo, na mkwaruzo ni kijia ambacho patasi hujilaza ndani yake yenyewe. Nikianza kuchimba, huacha milimita mbili tatu kila mwisho wa tundu, nachimba katikati kwanza, na zile ncha nazikata mwisho kabisa. Ukianza na ncha, kila ukinyanyua taka unaegemeza patasi pale pale, na ukingo unapondeka. Mguu nauacha mrefu kwa sentimita mbili na nusu juu ya tundu mpaka gundi ikauke, ndipo naukata, kwa sababu tundu lililo karibu na kichwa cha mti hupasuka kwa pigo moja.

Halafu kujaribu. Ulimi uingie kwa nguvu ya mkono na kumalizikia kwa kugongwa kidogo na nyundo ya mti. Ukiingia wenyewe kwa uzito wake, umeukata sana, gundi haitashika pengo. Ukihitaji kuupigia makelele, mguu utapasuka, si lazima leo; unaweza kupasuka Kusi ikija na mti ukavimba. Kuna sauti yake pia. Ulimi uliokaa sawa, ukiutoa, huachia pumzi fupi kama kizibo cha chupa ya marashi.

Baadaye niliongeza kigingi, na tangu hapo sijakiacha kwenye kiti chochote. Unatoboa mguu kupitia tundu, unaingiza ulimi, unauwekea alama kwa ncha ya keekee, unautoa. Sasa tundu la ulimi usilitoboe kwenye alama: lisogeze milimita moja au moja na nusu kuelekea mabegani. Ukipiga kigingi chenye ncha iliyochongwa, matundu mawili yanataka kulingana, na katika kutaka huko kigingi kinauvuta ulimi ndani mpaka mabega yanauma mguu. Hata gundi ikifa, kiungo hakiendi popote. Kigingi chenyewe kipasue kwa shoka kutoka mti mgumu, usikikate kwa msumeno. Mti uliopasuliwa hufuata nyuzi zake, nao hupinda bila kukatika.

Mama wa mkahawa alivichukua viti vyake wiki ya tatu, siyo ya pili. Alikaa kimoja, akaegemea mpaka miguu ya mbele ikainuka, kwa makusudi, huku ananitazama machoni. Kisha akauliza kama nina mkono wa kufanya meza pia.

Kosa langu la pili halikuwa la nguvu, lilikuwa la hewa, nalo liliniuma zaidi kwa sababu lilikuwa mali ya mtu. Familia moja ya Tudor ilihamia Nairobi na kuagiza meza ya kulia ya mvule, upana wa sentimita 90. Mvule ni mti wa heshima, lakini una siri: ndani yake mara nyingine hukaa mawe, chokaa ngumu iliyojijenga katika mti wenyewe, na hakuna alama yoyote juu ya ubao. Juba langu lilikutana na jiwe hilo kwenye mguu wa tatu, nikasikia mlio kama wa kijiko kwenye kigae, na ncha ikabanduka kipande cha punje ya mchele. Nilipoteza nusu siku kunoa. Pengine hasira ya jiwe lile ndiyo iliyonifanya niharakishe sehemu iliyobaki.

Uso wa meza niliunga mbao tano ubavu kwa ubavu, gundi safi, mistari hata haionekani. Kisha nikaukaza kwenye fremu kwa skrubu pande zote nne, na gundi juu yake. Nilijivunia kwamba ile meza haitasogea maisha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: haikuweza kusogea. Ilitoka kwangu mwezi wa Juni baada ya masika, mti umeshiba. Hapa Mombasa hewa ni ya bahari mwaka mzima, na mbao zilizokaa karakanani kwangu hutulia kwenye unyevu wa asilimia 13 hadi 16 hivi. Nairobi ni juu, ni baridi, na miezi ya Januari na Februari hewa yake ni kavu. Meza ikaanza kutoa maji, na mti unapotoa maji hunywea upana wake. Urefu wake haubadiliki kiasi cha kuonekana. Upana ule ulitaka kupungua milimita sita hivi. Fremu ikakataa. Mwezi wa Februari nilipigiwa simu: meza imelia usiku kama bunduki, ufa umetoka kichwa hadi katikati.

Nilisafiri mwenyewe kwenda kuitazama. Ufa haukupita kwenye gundi. Ulipita ndani ya ubao, sentimita tano kando ya mstari wa gundi. Nilisimama nimeweka kidole kwenye ule ufa na nikaelewa kwamba kiungo changu kilikuwa na nguvu kuliko mti wenyewe, na nguvu hiyo ndiyo iliyouvunja.

Niliufanya upya kwa gharama yangu. Safari hii nilichimba mfereji ndani ya fremu na kukata vishikizo vidogo vya mti, kila kimoja na ulimi mfupi unaoingia mferejini, kimekazwa kwa skrubu chini ya uso wa meza. Vishikizo huuzuia uso usinyanyuke, lakini mferejini vina nafasi ya kwenda na kurudi. Jambo hilohilo liko katika milango. Ukitazama milango ya mbao ya fremu na vibao, kile kibao cha katikati hukaa ndani ya mfereji bila gundi, huru. Nimeona vijana wakikipaka gundi pande zote nne ili "kisigonge". Kitagonga kweli ukikiacha kilegee mno, lakini dawa yake ni kulinganisha mfereji, au kutia tone moja la gundi katikati ya juu na katikati ya chini, ili kibao kinywee kuelekea katikati kwa usawa. Gundi pande nne ni ufa uliowekwa akiba.

Na mbao zenyewe zinunuliwe kwa macho mawili. Februari 2018 serikali ilipositisha ukataji miti katika misitu ya umma, saiprasi ilianza kutufikia hapa ghali na mbichi, nyingine ukiibana kwenye jiriwa maji yanatoka. Hakuna kiungo kitakachokuokoa na mti mbichi. Ulimi hunywea ndani ya tundu, mabega yanaachana na mguu, na kosa unatupiwa wewe. Mimi mbao hizo nazipanga kwa vijiti vya kutenganisha, hewa ipite katikati, na naandika tarehe kwa chaki kwenye kichwa cha ubao. Mteja mwenye haraka namwonyesha ile chaki.

Mtoto wa meza ni habari nyingine, na naipenda kuliko zote. Kila siku anavutwa kwa mbele, na ndani yake mmejaa funguo, vyeti, sarafu, vyote vikimsukuma nyuma. Ubao wa mbele hutaka kubaki mkononi mwako na kuacha sanduku nyuma. Nilipokuwa mwanafunzi tulipigilia misumari, na hewa ya chumvi haina subira na msumari wa chuma. Miaka michache unashika kutu, unanyooka mwembamba, unatoka na ubao.

Kiungo chake ni mkia wa njiwa. Kichwa cha ubao wa ubavuni kinakatwa mikia iliyopanuka kuelekea mwisho, na ubao wa mbele unachimbwa nafasi za kuipokea. Ukivuta kwa mbele, mikia inabana yenyewe. Haiwezi kutoka ila upande ilikoingilia. Ndiyo maana mikia lazima iwe kwenye mbao za ubavuni. Nimewahi kuona kazi nzuri sana, mikia imekatwa kama kwa wembe, lakini iko kwenye ubao wa mbele. Fundi yule alijua kukata kiungo na hakuuliza mti utavutwa wapi.

Mlalo wa mkia kwenye saiprasi mimi hufanya moja kwa sita, yaani kwa kila milimita sita za urefu unapanuka moja. Kwenye mvule au msaji, moja kwa nane yatosha, kwa kuwa mti mgumu haupondeki. Ukizidisha mlalo, kona za mkia huwa fupi na hubanduka. Nakata mikia kwanza, halafu naulaza ubao wa mikia juu ya kichwa cha mwenzake na kuchora kwa ncha ya kisu kufuata ile ile iliyopo, hata kama imetoka pogo. Mkia wangu wa kwanza ulikuwa na mapengo ya kupitisha shilingi kwa sababu nilipima pande zote mbili kwa rula nikitegemea zitakutana. Hazikukutana. Kimoja kichore kutoka kwa kingine.

Na umwachie mtoto wa meza nafasi ya kupumua. Nikimtengeneza kipindi cha Kaskazi, Januari mti umekauka, namwachia milimita mbili juu. Mwezi wa Mei masika ikipiga, zile mbili hupotea karibu zote. Wateja wamenirudishia watoto wa meza waliokwama mvua ikinyesha, na jambo la kwanza ninalowaomba ni wasinipe randa. Subirini mpaka Agosti, nawaambia. Mkipunguza sasa, Januari ataimba ndani ya meza.

Sipendi kiungo cha fahari pahali kisipotakiwa. Rafu ya dukani, kibanda cha kuuzia madafu, meza ya kufanyia kazi: hapo nakata nusu kwa nusu, mti mmoja unapunguzwa nusu ya unene na mwenzake vilevile, vinalazwa kimoja ndani ya kingine, skrubu mbili, basi. Kiungo hicho kina eneo kubwa la gundi, ubavu kwa ubavu, ambako gundi hushika kweli. Kwenye kichwa cha mti ni tofauti, kwa sababu zile nyuzi zilizokatwa huinywa gundi kama mrija. Kwa sababu hiyo fremu za picha zilizokatwa pembe ya digrii 45 huachana upesi, na mimi huzipasulia mwanya konani na kutia kipande chembamba cha mti kikikingama. Dakika tano za kazi, na fremu haitafunguka.

Kurefusha mti nilijifunza kwa mafundi wa majahazi. Nilikwenda kununua mabaki ya mbao, nikakuta mbili zinaunganishwa kichwa kwa kichwa kwa mkato wa mshazari mrefu, na mzee mmoja anapitisha randa juu ya zote mbili kwa pamoja ili ziwe na mteremko mmoja. Nikamuuliza mbona mkato mrefu hivyo. Akanijibu mkato mfupi ni kichwa, mkato mrefu ni ubavu. Tangu hapo mshazari wangu ni mara nane ya unene wa ubao, na sijawahi kuona ukiachia. Huku pwani palikuwa na chombo kizima, mtepe, mbao zake zikishonwa kwa kamba ya makumbi na kushikwa kwa vigingi, bila msumari, na kikasafiri baharini. Nikikumbuka kitanda cha nyanya naona ni elimu ileile: kamba, mti, na mvuto unaojulikana unatoka wapi.

Mwaka jana wazee wa msikiti wa mtaa wetu waliniita. Jeneza la msikiti lilikuwa limechakaa. Miti miwili mirefu ya kubebea ilikuwa imeungwa na miti mifupi ya kukingama kwa bolti, bolti zimeshika kutu, na kila likibebwa lilikuwa linalia kwa chuma. Tena kichwa cha bolti moja kiliwahi kurarua shuka la kufunikia. Mzee mmoja aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, maiti asindikizwe kwa utulivu."

Nililikagua siku mbili kabla ya kukata chochote. Jeneza halibebwi kama kitanda. Wabebaji hupokezana mbio mbio, mabega hayalingani urefu, pembe moja iko juu na nyingine chini, kwa hiyo fremu nzima husokotwa kushoto na kulia mpaka makaburini. Ulimi uliofichika ndani haunitoshi hapo. Niliamua ndimi zipite upande wa pili wa mti mrefu kabisa, zipasuliwe kwa msumeno mara mbili, zitiwe kabari. Kabari lazima zikae kukingama na nyuzi za ule mti wenye tundu. Zikikaa sambamba nazo, kila pigo la nyundo ni shoka, mti mrefu utapasuka urefu wake wote. Zikikingama, ulimi unapanuka kuelekea ncha za tundu, ambako mti una nguvu, na ulimi wenyewe unageuka mkia wa njiwa ndani kwa ndani. Tundu nililipanua kidogo upande wa nje ili upatikane upanuzi huo. Nilichagua mkangazi, uwe mwepesi kwa mabega, na ncha zote nikazisugua kwa msasa mpaka kiganja kikapita bila kukwama.

Nilipiga kabari usiku baada ya isha, mwanafunzi wangu akishika taa. Pigo la kabari lina sauti ya mwanzo, nene, halafu inapanda nyembamba nyembamba, na pahali fulani inakuwa kavu kabisa. Hapo unaacha. Nilimpa nyundo apige ile ya mwisho. Alipofika pakavu, akaacha mwenyewe.

Ijumaa ya wiki ile alifariki jirani yetu wa nyumba ya nyuma. Tulitoka msikitini baada ya sala, nikaingia bega chini ya mti wa nyuma kushoto, mbele yangu kijana mrefu, kulia kwangu mzee mfupi. Kwenye mteremko jeneza lilisokoteka, nikalihisi shingoni likijipinda na kurudi. Watu walikuwa wanasoma. Nilitega sikio kwenye kiungo, kilikuwa kando ya shavu langu, na sikusikia kitu ila nyayo.